Babu Mmoja Pungufu

Sikukuu ya wanaanga huangukia mwezi wa nne, na mwaka ule uani mwa makumbusho ya Baikonur hapakuwa na nafasi hata ya mtu kugeuka. Wanafunzi, wanajeshi wastaafu na medali zao, Wajapani wawili waliovishwa kofia za manyoya na wachuuzi wa getini, kina mama na watoto wanaolilia soseji, wote walitaka kupanda kwenye kile chombo kikubwa cheupe chenye mabawa kilichoegeshwa nje. Chombo chenyewe kilitengenezwa kwa majaribio tu. Hakikuwahi kuinuka hata kimo cha mbuzi. Lakini watu walizigombea ngazi zake kama vile kinaondoka jioni ile na hakirudi.

Sabit alikuja na wenzake wa karakana kutoka Kazaly. Alikuwa fundi wa friji, kijana mrefu mwenye mabega mapana, koti lake la ngozi kalipaka mafuta ya kondoo asubuhi mpaka linawaka. Wenzake walipotangulia, yeye alibaki nyuma, akaruka kamba ya kuzuilia wageni, akajitupa kwenye kiti cha rubani na kujifunga mkanda ili apige picha. Picha akapiga. Mkanda ukakataa kufunguka.

Akabonyeza. Akavuta. Jasho likaanza kumtoka chini ya koti.

"Bwana mkubwa, hiyo kamba hukuiona?"

Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti, na kila aliyekuwa mle ndani akageuka. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa msichana wa sare ya buluu, kitambaa cheupe shingoni, msuko mmoja mnene unaofika kiunoni, viatu vyeusi vilivyopauka kwa vumbi la nyika.

"Niliiona."

"Na ukairuka."

"Nikairuka. Sasa nataka kurudi nilikotoka, lakini mkanda umenipenda."

Watu wakacheka. Simu zikainuliwa kumpiga picha. Msichana akaweka kipaza sauti chini, akapiga magoti mbele ya kiti, na msuko wake ukaangukia gotini kwa Sabit. Ulinukia sabuni na moshi wa kuni.

"Huko nje duniani unafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Wa nini?"

"Friji."

"Basi tumekwisha. Fundi mzima kashikwa na mkanda."

"Friji hazina mikanda, bibie."

"Huu ni mkaidi. Unabonyeza, unarudisha nyuma, halafu unangoja. Wewe kungoja huwezi, nimekuona tangu kwenye foleni."

Wakangoja. Nyuso zao zilikuwa karibu mno kwa watu wasiojuana, na hakuna aliyerudisha yake nyuma. Mkanda ulipoachia kwa kishindo kidogo, Sabit aliona umefanya haraka.

"Friji ya chumba chetu cha chai inagandisha maziwa ya ngamia yanakuwa jiwe," msichana akasema akijikung'uta magoti. "Utaitengeneza. La sivyo namwita askari."

"Naitengeneza leo hii. Unaitwa nani, rubani?"

"Kamshat. Na wewe, mfungwa?"

"Sabit."

"Sabit wa ukoo gani?"

Akamtajia. Kamshat akainua nyusi, maana ulikuwa ukoo wake pia.

"Usitishike," Sabit akasema upesi. "Ukoo wenyewe mkubwa, haujulikani unaanzia wapi wala unaishia wapi."

"Siku moja utanihesabia babu zako, tutajua unapoishia."

Kwa watu wa huko mtoto hafundishwi herufi kabla hajafundishwa babu zake saba, na baba mzazi ndiye anayehesabiwa wa kwanza. Wawili wakikutana kwa yeyote kati ya hao saba, uwe upande wa mume au upande wa mke, hao ni ndugu na hawaoani. Pande zote mbili lazima zipite saba. Sabit aliyajua hayo vizuri kama jina lake. Ndiyo maana siku ile hakubishana na lile "siku moja" la Kamshat, akaenda kutengeneza friji.

Mji ule una geti na vibali. Mtu wa Kazaly haamki tu akaingia kumsalimia mpenzi wake kazini. Kwa hiyo Sabit akawa mtalii. Kila alipopata nafasi alipanda treni, akajiandikisha kwenye msafara wa wageni, akaingia na Wajerumani, na Wakorea, na walimu wastaafu wa Shymkent, akazunguka nyuma yao akitazama roketi zilezile na suti zilezile za wanaanga.

"Wewe tena?" Kamshat alimnong'oneza mbele ya kabati la chakula cha kwenye mirija.

"Somo halijaniingia."

"Lipi?"

"Lile la mti. Rudia."

Naye akarudia kwa wageni wote, kwa sauti ile ya kazi, kwamba kila anayekwenda juu hupanda mti kabla ya kuondoka, na mti hubaki na kibao chenye jina lake. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza kama mti hufa aliyeupanda asiporudi salama. Kamshat akajibu kwamba miti ya Baikonur hunyweshwa maji kuliko watu, na Sabit akacheka peke yake.

Mwisho wa kila msafara, wageni wakishateremka kwenye chombo, yeye alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha rubani na mkanda umemshika. Kamshat alirudi kumfungua. Anabonyeza, anarudisha nyuma, halafu wanangoja. Wafanyakazi wengine walishajua. Hakuna aliyepanda ngazi wakati ule.

Siku za kazi ilikuwa simu.

"Toka nje, Fundi."

"Nimetoka."

"Unaiona?"

"Naona ng'ombe wa jirani anakula kofia yangu."

"Tazama huku kwangu, mjinga wangu. Sasa!"

Huko upande wa mashariki, juu ya nyika, kitone cha moto kilikuwa kinapanda polepole mbinguni, jua likiwa bado linazama.

"Naiona, roho yangu."

"Usiseme kitu. Nataka tuitazame pamoja."

Wakanyamaza, kila mmoja kwao, simu sikioni, mpaka kitone kikawa nyota kisha kisiwe kitu. Sabit aliporudi ndani, Shemeji Raushan, mke wa kaka yake Temir, alikuwa anamtazama kutoka kwenye samovari, birika kubwa la chai, huku anatabasamu.

"Nani huyo anayekutoa nje kwenye baridi?"

"Mtu wa makumbusho."

"Mtu wa makumbusho ana macho gani?"

"Shemeji!"

"Niambie tu, nijue hereni za rangi gani zitamfaa."

Mama yake Sabit alishafariki, kwa hiyo ni Raushan ambaye angemvisha bibi harusi hereni za uchumba. Alizinunua kabla hajaambiwa hata jina la msichana. Za fedha, zenye jiwe dogo la buluu. Alizifunga kwenye leso, akaziweka chini ya mto wake, na kila mgeni wa kike aliyefika pale alionyeshwa.

Wakahesabu katikati ya kiangazi. Nje joto lilikuwa linapasua midomo, na wakati wa chakula cha mchana wageni walikimbilia kwenye vivuli. Sabit na Kamshat walikaa ndani ya chombo, tikiti limekatwa juu ya gazeti, yeye kitini kwake na mkanda wake kama kawaida.

"Shemeji anataka kuja na hereni kabla ya theluji," Sabit akasema.

"Hereni za nani?"

"Za ngamia wenu. Za nani tena?"

Kamshat akacheka, akamlisha kipande cha tikiti, kisha akapangusa vidole vyake kimoja kimoja. "Haya. Lipa deni lako. Hesabu."

"Leo?"

"Leo. Baba ataniuliza kabla hajauliza jina lako."

Sabit akavuta pumzi, akaanza kama alivyofundishwa akiwa na meno ya utoto. "Zhappar. Tulegen. Omar. Baimbet. Kulan. Sarsen." Akatabasamu. "Na wa saba ni Zholbarys."

Mkono wa Kamshat ulisimama hewani.

"Zholbarys yupi?"

"Wako wangapi? Aliyechimba kisima cha chumvi."

"Akapofuka jicho moja."

"Umejuaje?"

Kamshat alikuwa anahesabu kwenye vidole, midomo inakwenda bila sauti. Bibi yake alimfundisha babu tisa badala ya saba, maana bibi yule hakuwa mtu wa kuamini mambo nusunusu. Akahesabu mara ya kwanza. Akahesabu tena akianzia juu kushuka chini.

"Kwangu ni wa nane," akasema.

"Basi umepita! Saba zimekwisha!"

"Mimi nimepita. Wewe hujapita. Kwako ni wa saba, Sabit. Yumo ndani."

"Mmoja tu."

"Mmoja."

"Kamshat, huyo mtu alikufa kabla reli haijafika hapa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua." Uso wake ulikuwa umepauka kama viatu vyake. "Binamu ya mama yangu aliolewa na mtu aliyepungukiwa hivihivi. Walisema nani atajua. Mtoto wao wa kwanza akafa, wa pili akafa, na hakuna jirani aliyekwenda kuwapa pole, kwa sababu kila mtu alijua ni kwa nini. Nilikuwa mdogo. Nilikatazwa hata kupita mbele ya mlango wao."

"Tuwaulize wazee."

"Tuwaulize nini? Nimekaa na ndugu yangu ndani ya chombo miezi mitatu, ninyi wazee mnasemaje? Hata nyumbani kwako usiwaambie. Niahidi."

"Kamshat, roho yangu..."

"Usiniite hivyo." Akasimama. Machozi yalikuwa yamefika lakini hayajashuka. "Huniiti hivyo tena."

Akashuka ngazi, na kwa mara ya kwanza akamwacha bila kumfungua. Sabit alihangaika na mkanda ule mpaka kundi la mchana likamkuta pale, tikiti limejaa nzi.

Jioni ile alikaa mbele ya Mzee Zhappar. Mzee alikuwa anapumua kwa shida mwaka ule, amefunikwa ngozi mbili hata kwenye joto.

"Baba, nihesabie babu zangu."

"Umewasahau?"

"Nataka kuwasikia kwa mdomo wako."

Mzee akayatazama majani ya chai kwenye bakuli lake muda mrefu. Shemeji Raushan, aliyekuwa anamimina, alimwaga chai juu ya kitambaa cha meza asione. Temir akainuka, akasema anakwenda kutazama farasi, na farasi walishafungwa zamani.

"Wa kwanza," mzee akasema mwishowe, akajigusa kifuani kwa kiganja, "ni mimi."

Akaendelea mpaka Zholbarys. Sabit akashukuru, akatoka nje. Huko nje kulikuwa na anga tupu.

Simu ya Kamshat ilikuja majira ya kuchuma tikiti za mwisho.

"Kaka," akasema.

Sabit alikuwa chini ya friji ya mtu, bisibisi mdomoni. Akaitoa. "Unaniita nani?"

"Kaka. Ndivyo ulivyo. Kuna watu wanakuja kwetu Jumamosi. Kutoka Aktau. Kijana anaitwa Aidos, anafanya kazi bandarini, baba amewakubali."

"Na wewe?"

"Ana adabu. Ananiuliza kama nimekula. Sabit, mimi sina kaka. Nimemwambia baba kuna ndugu yetu wa ukoo, wa Zholbarys, amefurahi sana. Njoo ukae upande wangu."

"Unaniomba nije nikutoe?"

"Nakuomba uje ili niamini. Usipokuja nitaendelea kukungoja kwenye kile kiti kila siku, na mimi nachoka. Ukija ukala nao, nitajua imekwisha. Nihurumie, kaka."

Akaenda. Nyumbani kwao Kamshat, mjini Toretam, alipokewa kama mtoto aliyepotea. Baba yake, mzee mwenye magoti mabovu na kicheko kikubwa, alimkumbatia mlangoni, akamkalisha mahali pa kaka mkubwa. "Zholbarys huyu hapa!" aliwaambia wageni. "Mnadhani binti yangu hana wa kumtetea? Mwanangu huyu ni fundi. Mkimliza dada yake atawakatia umeme."

Wageni wakacheka. Aidos alikuwa kijana mnene, mpole, tai imemkaba. Alimpa Sabit mkono kwa mikono miwili. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Kamshat akaletwa. Gauni jeupe la mikono mirefu, kizibao cha mahameli nyekundu, msuko umepambwa kwa sarafu zinazolia anapotembea. Mama yake Aidos akamvisha hereni, dhahabu, nzito, ndefu mpaka shingoni. Wanawake wakarusha pipi na watoto wakaziparamia. Kamshat hakuinua macho.

Kisha ikaletwa sinia. Ini na mafuta ya mkia wa kondoo, vimekatwa vipande vyembamba. Huko kila mtu anajua hicho si chakula cha shibe. Upande mmoja unaulisha upande wa pili kwa mkono, na kikishamezwa, neno limefungwa. Mahari inaweza kubishaniwa baadaye, siku ya harusi inaweza kusogezwa, lakini aliyekula hicho hana mdomo wa kukataa tena.

Baba yake Aidos akaanza kwa baba yake Kamshat. Akafuata mjomba. Kisha akafika mbele ya Sabit, kiganja kimejaa, mafuta yanatiririka mpaka kwenye saa yake.

"Fungua, mkwe!"

Sabit akamtazama Kamshat. Sasa ndiyo alikuwa ameinua macho. Hakutikisa kichwa. Hakufanya chochote. Alikuwa anangoja.

Akafungua mdomo.

Ini lilikuwa la moto na mafuta ya baridi. Mzee wa Aktau akampaka yaliyobaki mashavuni kama mzaha unavyotaka, nyumba nzima ikaangua kicheko, na baba yake Kamshat akampiga mgongoni kwa furaha mpaka akapaliwa. Wakadhani kupaliwa ndiko kulikomtoa machozi.

Mzee Zhappar alikufa katikati ya baridi kali. Siku za mwisho alikataa maji ya mkono wowote isipokuwa wa Sabit. "Kitinda mimba wangu yuko wapi?" ndilo neno alilokuwa nalo, na baadaye hata hilo likamtoka, akabaki anamfuata kwa macho chumbani.

Walipotoka makaburini, Temir alimshika mkono, akampeleka nyuma ya zizi ambako upepo haukuwafikia. Raushan alikuwa tayari pale, macho yamevimba.

"Sasa mzee amekwenda," Temir akasema, akihangaika na maneno kama mtu anayeinua gunia peke yake. "Alituomba tusiseme akiwa hai. Ulipozaliwa alikuja, akakufunga ndani ya koti lake, akasema huyu wa kwanza ni wangu. Ndiyo desturi, hatukuweza kumnyima. Wengine huambiwa wakiwa wadogo. Yeye hakutaka. Kijiji kizima kilijua, Sabit. Alikuwa babu yako."

"Babu yangu?"

"Baba ni mimi," Temir akasema.

"Rudi kwetu, mwanangu," Raushan akasema. Miaka yote hiyo alikuwa amemwita shemeji.

Mtu mwingine angewakumbatia. Sabit alisimama kwenye theluji na midomo yake ikaanza kwenda. Temir. Zhappar. Tulegen. Omar. Baimbet. Kulan. Sarsen. Saba. Zholbarys alikuwa nje. Zholbarys alikuwa wa nane.

"Kwa nini hamkuniambia kiangazi?" akapiga kelele. "Nilipomuuliza, ninyi wote mlikuwepo! Kwa nini?"

"Hukusema unauliza kwa ajili ya nini," Raushan akajibu. Kisha akamtazama vizuri, kama mama, na mkono ukampanda mdomoni. "Yule wa makumbusho?"

Akaingia nyumbani. Akarudi na leso iliyofungwa. Akaitia kwenye mfuko wa koti la Sabit.

Makumbusho wakati wa baridi hayana watu. Sabit aliingia na wageni wachache waliokuwa wanapiga miguu chini kwa ubaridi, akasikiliza mzunguko mzima kutoka nyuma. Kamshat alikuwa na koti refu la kijivu na shali. Hereni za dhahabu zilining'inia nje ya shali. Alimwona, akakwama kwenye neno moja, akaendelea. Alipofika kwenye habari ya mti, aliipita.

Wageni waliposhuka kwenye chombo na kukimbilia chai, Sabit alikuwa kwenye kiti, mkanda kiunoni. Mikono ilijifunga yenyewe kwa mazoea.

"Pole kwa mzee, kaka," Kamshat akasema akiwa amesimama mbali. "Baba alitaka kuja kumzika. Magoti yake."

"Kamshat, hesabu tena."

"Nihesabu nini?"

"Babu zangu. Anza na Temir."

"Temir ni kaka yako."

"Anza naye."

Alimtazama kama mtu anayemwogopea mgonjwa. Kisha akaelewa, maana hata kwao walikuwepo watoto wa namna hiyo. Akavua glavu taratibu. Akaanza kukunja vidole. Mkono wa kwanza ukaisha. Kwenye mkono wa pili akapunguza mwendo, na alipofika Zholbarys vidole viwili tu vilikuwa bado vimesimama.

"Nane," akasema. "Na mimi nane."

Akacheka. Kicheko kilekile cha siku ya tikiti, kikagonga kuta za chombo na kurudi. Akamwendea, akapiga magoti, akauweka uso wake juu ya mikono yake Sabit, bado anacheka, mpaka kicheko kikageuka kikawa kitu kingine na mikono ya Sabit ikalowa.

"Tutaoana," Sabit akasema. "Umesikia? Hakuna kinachotuzuia."

"Ulikula ini, Sabit."

"Nililishwa!"

"Ulifungua mdomo."

"Kwa sababu uliniita!"

"Nilikuita kwa sababu ulinihesabia saba!"

Upepo ulikuwa unasukuma theluji chini ya mlango.

"Tukimbie," Sabit akasema. "Leo. Treni inapita jioni. Watu wanakimbia kila siku nchi hii."

"Wanakimbia watu. Kaka na dada hawakimbii." Akajifuta uso kwa shali. "Baba alikuita mwanangu mbele ya wakwe. Watasema nini? Kwamba yule fundi alikula nyama ya mkwe huku anamnyemelea dada yake. Baba hatatoka nje ya mlango tena mpaka afe. Labda usimame uwaambie."

"Nitasimama."

"Mbele ya baba. Mbele ya watu wa Aktau. Watataka na wazee wa Kazaly wawepo, na wewe katikati, useme kwa mdomo wako. Kunong'ona hakufai, wala mtu mwingine kukusemea. Utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Uko vipi? Niambie mimi kwanza. Nisikie kama unasemeka."

Sabit akafungua mdomo. "Nitasema mzee Zhappar... Nitasema Zhappar hakuwa..."

Neno lililofuata lilikuwepo, fupi, alilijua. Lakini alimwona mzee na kiganja chake kifuani, akisema wa kwanza ni mimi. Aliona yale macho yanayomfuata chumbani. Arubaini ilikuwa bado. Jiwe la kaburi lilikuwa kwa mchongaji, na chini ya jina la mzee Temir mwenyewe alikuwa ameagiza yachongwe majina ya wanawe, la mwisho likiwa Sabit.

Kamshat alingoja. Alikuwa amemshika mikono yote miwili, anamtazama mdomoni, na mtu yeyote angeona kwamba lile neno lingetoka angepanda treni jioni ile ile, hereni na fedheha na vyote.

Halikutoka.

"Kamshat, siwezi."

"Najua." Akaachia mkono mmoja, kisha wa pili. "Ungeweza, sijui kama ningekutaka."

"Harusi lini?"

"Mwisho wa mwezi. Halafu Aktau. Aidos anasema kuna kazi kwenye jumba la bahari, kutembeza wageni. Nitawaonyesha samaki badala ya roketi." Akajaribu kutabasamu. "Usije, Sabit. Safari hii sikualiki."

Alimwita jina, hakumwita kaka. Alikishika hicho, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kushika. Leso ilikuwa mfukoni mwake, hereni za fedha ndani yake, na hakuitoa.

Honi ya basi la wageni ikalia huko nje mara moja, ikangoja, ikalia tena.

"Watakuacha," Kamshat akasema. "Na kibali chako kinakwisha jioni."

"Nifungue basi."

Akainama. Msuko wake ukaanguka gotini kwa Sabit kama siku ile. Sabit akafumba macho, akijua kinachokuja, anabonyeza, anarudisha nyuma, halafu wangengoja, na katika kungoja kule alikuwa ameweka yote yaliyobaki. Lakini mkanda ulifunguka hapo hapo kwa kidole kimoja, ukaanguka pande zote mbili za kiti.

Akafumbua macho. "Mmebadilisha?"

"Wiki iliyopita," Kamshat akasema. Alikuwa amekwisha kuinuka, anavaa glavu. "Ule wa zamani ulikuwa unawachelewesha wageni."